Muulize Fundi: Maji ya moto mahali pasipo na nguzo

Juni imeingia na mfuko wa barua umejaa baridi. Wenzangu wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa, ambao maji ya bomba saa nane mchana hutoka yakiwa ya moto tayari, mnaweza kuruka ukurasa huu mkasome mapishi. Leo nazungumza na watu wa milimani, hasa wale ambao nguzo za umeme hazijawafikia. Nimechagua barua nne. Ya kwanza ni ndefu na jibu lake ni refu zaidi, kwa sababu mwandishi wake amefanya kile ninachowaomba kila mwezi: ametaja vipimo.

Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Makete. Nyumba yangu iko mlimani, nguzo zimeishia kijiji cha jirani, nasi tumeambiwa tuvute subira. Nina paneli mbili za sola za wati 300 kila moja, betri moja ya volti 12 yenye ampea-saa 200, na inveta ya wati 1,000. Vinatosha taa, televisheni na kuchaji simu. Maji yanatoka chemchemi iliyo juu ya nyumba na kuingia kwenye simtanki la lita 1,000 nililolipandisha juu ya mnara wa matofali wa mita tatu. Tuko sita, pamoja na mama mkwe ambaye maji ya baridi hayawezi kabisa. Kwa sasa tunachemsha kwa kuni, na mke wangu amechoka na moshi. Muuzaji mmoja wa Mbeya anasema ninunue hita ya shawa ya umeme, "utaongeza betri kidogo tu." Mwingine ananisukumia gesi. Wa tatu anauza hita ya sola ya juu ya paa, lakini jirani yangu ananitisha kwamba barafu ya Juni itaipasua. Nishike lipi?

Marahaba, mwalimu. Wewe ni mtu wa ubao na chaki, kwa hiyo tuanze na hesabu ambayo unaweza kuikagua mwenyewe.

Uniti moja ya umeme, ile ile wanayonunua wenye luku, ikigeuzwa yote kuwa joto inapandisha lita 86 za maji kwa nyuzi 10, au lita 29 hivi kwa nyuzi 30. Maji ya chemchemi yako alfajiri ya Juni tuyape nyuzi 12. Mtu anaoga kwa raha maji yakiwa na nyuzi 42 hivi. Basi ndoo moja ya lita 20 inakula uniti 0.7, na ndoo sita ni uniti 4.2 kila siku ya Mungu.

Sasa geukia betri yako. Volti 12 mara ampea-saa 200 ni wati-saa 2,400, yaani uniti 2.4. Betri ya asidi ukiinyonya zaidi ya nusu kila siku unaiua mapema, kwa hiyo mkononi una uniti 1.2. Hiyo ni ndoo moja na nusu, kisha mnakaa gizani. Na hita ya shawa yenyewe huvuta wati 5,500 hivi. Inveta yako ya 1,000 itajizima kabla mtu hajalowana. Ile "kidogo tu" ya muuzaji wa Mbeya ni betri nne za ukubwa huo, inveta ya wati 6,000 na paneli nyingine nne au tano. Kwa vifaa hivyo ungeweza kufungua karakana ya useremala. Wewe unataka kuoga.

Paneli ya umeme hugeuza takriban moja ya tano tu ya jua linaloipiga. Hita ya sola huchukua zaidi ya nusu ya jua hilo hilo na kulitia kwenye maji moja kwa moja, bila betri, bila inveta. Jua la mchana analitunza nani hadi jioni? Tangi lenyewe. Likiwa na koti zuri la sponji kati ya mabati yake mawili, maji ya saa kumi alasiri utayakuta bado ya moto kesho yake alfajiri.

Hata hivyo hesabu peke yake isingenifanya nikwambie ununue hita ya sola. Ninayemuuliza mtu yeyote wa milimani, kabla sijamuuliza mfuko wake, ni hili: mwezi wenu wa baridi kali, jua lipo au halipo? Kwenu Makete baridi huja na kiangazi. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua imekatika na usiku hakuna wingu. Ndiyo maana joto la ardhi linatoroka lote kwenda juu, na alfajiri kule Kitulo majani yameganda na viazi vimeungua. Lakini kufika saa nne asubuhi jua linachoma shingo. Hiyo ni bahati ambayo wenzako wengi wa milimani hawana, na barua inayofuata itakuonyesha.

Kuhusu barafu, jirani yako hajakosea, ila hakusema ni hita ipi. Hita za paani ziko za aina mbili. Ya kwanza ni bapa: sanduku jeusi lenye kioo juu na mabomba membamba ya shaba ndani, maji yakipita humo. Hiyo usiku wa mbingu wazi inapoteza joto kiasi kwamba maji ndani yake yanaweza kuganda hata hewa ikiwa bado na nyuzi mbili tatu juu ya sifuri. Maji yakiganda yanatanuka, shaba inapasuka, na utalijua hilo saa nne barafu ikiyeyuka na paa likianza kuvuja. Ziko bapa zinazotumia kimiminika kisichoganda, nazo ni nzuri, lakini bei yake iko juu na fundi wa kuzihudumia hapo wilayani utamtafuta kwa tochi. Aina ya pili ni ya mirija ya vioo. Kila mrija una kuta mbili za kioo, na katikati yake hewa imenyonywa yote. Joto likiingia halina njia ya kutokea. Mirija hiyo inavumilia baridi ya kwenu bila shida. Kitakachoganda ni bomba la maji linalopita wazi juu ya paa, na hilo livalishe sponji nyeusi ya mabomba, kisha juu yake uzungushe kitu cha kuikinga na jua, kwa sababu sponji tupu inaliwa na jua mwaka mmoja au miwili.

Chukua ya mirija, basi. Ukubwa? Wauzaji watakutajia lita. Wewe hesabu mirija. Tangi kubwa lenye mirija michache ni maji mengi ya uvuguvugu. Kwa mrija wa kawaida, mnene milimita 58 na mrefu mita 1.8, weka mrija mmoja kwa kila lita 10, usikubali pungufu ya hapo. Kwa watu sita nakushauri tangi la lita 200 na mirija 20. Siku yenye jua zuri itaingiza kama uniti 6, nanyi mnahitaji 4.2, kinachobaki kitafidia joto linalopotea usiku na siku moja ya mawingu. Maji ya tangini yakifika nyuzi 60, lita 75 zake zikichanganywa na lita 45 za baridi zinatoa zile ndoo zenu sita. Na yatapita 60. Siku ambazo hamkutumia mengi yanaweza kuvuka 80, na hayo ni maji ya kumbabua mtoto. Fundisha nyumba nzima: ndooni yanatangulia ya baridi. Kwenye shawa, koki ya kuchanganyia ni lazima.

Sasa nafika mahali ambapo mafundi wengi wanaharibu: urefu. Hita hizi za bei nafuu hazina presha. Maji hujiingia na kujishukia yenyewe, kwa hiyo chanzo cha baridi lazima kiwe juu ya tangi la hita. Simtanki lako liko mita tatu. Paa lako, nikikisia nyumba ya kawaida, kilele chake kiko mita nne au zaidi. Ukiweka hita juu ya kilele, maji hayatapanda, na fundi atakuuzia pampu ya kumaliza kabisa umeme wako mdogo. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuacha simtanki kando: leta bomba dogo moja kwa moja kutoka chemchemi, ambayo umesema iko juu ya nyumba, uliingize kwenye kile kitangi kidogo chenye boya kinachokaa ubavuni mwa hita. Ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kushusha hita. Ijengee kichanja cha chuma kifupi nyuma ya bafu, tangi lake likae chini ya kitako cha simtanki na juu kidogo ya shawa. Hita iliyo chini unaifikia kuifuta vumbi na kubadilisha mrija uliovunjika bila kupanda paani na umri huu wetu. Ubaya wake ni mpira wa watoto. Zungushia wavu.

Uso wake uangalie kaskazini. Makete iko nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta, na mwezi Juni jua la saa sita limeinamia kaskazini zaidi ya nyuzi 30 kutoka utosini. Simama hapo utakapoiweka saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa, utazame vivuli. Mti mmoja wa mlingoti, yaani mkaratusi, unaokinga jua la asubuhi unakugharimu kuliko tofauti ya bei kati ya duka moja na jingine.

Mambo mengine nayapitia haraka. Kuijaza maji mara ya kwanza, ijaze alfajiri au usiku. Mirija mitupu iliyokaa juani mchana ukiitia maji ya baridi inapasuka papo hapo. Kijibomba cha kupumulia kilicho juu ya tangi kisizibwe kamwe, hata kama kinatoa mvuke na kukukera. Bomba la maji ya moto liwe la PPR la maji ya moto. PVC ya kawaida inalegea na kupinda kama mkia wa mjusi. Liwe fupi pia, kwa sababu bomba la nusu inchi lenye mita 15 linabeba zaidi ya lita 2 za maji yaliyopoa, na hayo ndiyo yatakayotangulia kila mara. Mkifunga safari wakati wa likizo, funika mirija kwa turubai, la sivyo tangi litachemka kutwa na kujipunguzia maji kwa mvuke. Kwenye mwinuko wa kwenu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95.

Masika je? Kuanzia Novemba hadi Aprili mna mawingu, na zitakuja siku ambazo hita itatoa maji ya nyuzi 25 au 28 tu. Hayo yachukue uyamalizie jikoni. Kutoka 28 hadi 42 ni chini ya nusu ya safari ya kutoka 12, kwa hiyo kuni zitapungua kwa nusu na moshi vilevile. Na kwa kuwa uko nchi ya mbao, mabanzi yaliyokauka ni bora kuliko kuni mbichi za mlingoti.

Gesi sikuitupa. Kwa uniti 4.2 kila siku, mtungi wa kilo 15 utawachukua kama siku 35, na kila ukiisha kuna mtu wa kuubeba kupanda mlima. Kama mfuko unaruhusu, iwe ya akiba ya masika. Kabla hujainunua soma barua ya tatu.

Salamu, mzee. Mimi ni mkulima wa viazi na ng'ombe wa maziwa hapa Kinangop Kusini. Stima bado haijafika kwetu. Niliweka hita ya sola ya mirija, lita 200. Januari hadi Machi maji yanatoka moto mpaka yanachoma. Ikifika Julai ni kama sikuweka kitu. Wiki nzima ni vuguvugu. Fundi wetu asema niongeze mirija 10. Niongeze?

Usiongeze. Fundi wako anatibu mguu ilhali kinachouma ni jino. Hita yako ni nzima. Ushahidi ni hiyo Januari. Julai ya kwenu baridi huja na ukungu na manyunyu, siku nyingine jua hamlioni kuanzia asubuhi hadi jioni. Mirija 10 zaidi itakupa nyuzi chache za uvuguvugu mwezi Julai, halafu mwezi Februari itachemsha tangi lako hadi koti lake lilegee. Msomaji wa Makete ana baridi kama yako, ila yeye ana jua. Ndiyo maana dawa yake haikufai.

Nyinyi Wakenya mna kifaa kilichosimama nyuma ya nyumba za mashamba ya milimani tangu zamani, nacho mnakiita kuni busta. Ni tangi la chuma lililosimama wima, bomba la moshi limepenya katikati yake, na chini kuna chumba cha moto. Moshi ukipanda unapasha maji kwa ndani kabla haujatoka. Kwetu Mufindi, kwenye mashamba ya chai nilikofanya kazi ya bomba, tulikuwa na ndugu yake asiye na adabu sana: pipa la mafuta la lita 200 lililolazwa juu ya kuta mbili za matofali, moto chini, bomba la baridi likiingia chini na la moto likitoka juu. Lile pipa lilikula kuni kwa sababu moto uliruka pembeni. Busta yenye bomba la moshi katikati ni ya akili zaidi, na ukiijengea ukuta wa matofali na udongo kuizunguka itashika joto hadi asubuhi.

Hita yako usiing'oe. Iunganishe mbele ya busta: maji yatoke tangi la baridi, yapite kwenye sola, ndipo yaingie kwenye busta. Julai sola ikiyatoa yakiwa na nyuzi 28 badala ya 12, umeshaokoa theluthi moja ya kuni za kuyafikisha 60. Januari huwashi moto kabisa. Maji yanapita tu. Kwa lita 200 kutoka 28 hadi 60, kadiria kilo 7 au 8 za kuni zilizokauka sawasawa. Nasema zilizokauka. Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na moto wako wa kwanza wote unaishia kuyachemsha hayo yaliyo ndani ya kuni. Panga matawi ya mikaratusi na miwati chini ya kibanda chenye pande wazi, yapigwe upepo miezi sita, ndipo uyatumie.

Hapa nataka unisikilize vizuri. Maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi mara 1,600 na zaidi. Tangi la moto lililofungwa pande zote, hata kwa bahati mbaya, ni bomu. Kutoka utosini mwa busta lazima lipande bomba la kupumulia, la chuma, wazi kabisa, hadi juu ya usawa wa tangi lako la maji ya baridi, na mdomo wake ugeuzwe kuelekea chini mahali ambapo hakuna mtu anayepita. Bomba hilo lisiwekwe koki. Lisiwekwe valvu. Lisizibwe kwa kitambaa eti ndege wanaingia. Fundi akikwambia valvu ya usalama peke yake inatosha, mshukuru, mlipe chai yake, utafute mwingine: valvu ya usalama ni kitu kizuri, lakini ikikaa miaka bila kuguswa inashika kutu na kuganda. Mita mbili tatu za kwanza za bomba la moto nazo ziwe za chuma. Plastiki ya aina yoyote isikaribie chumba cha moto. Na usiwashe moto kabla hujafungua koki ya bafuni ukaona maji yanatoka, kwa maana tangi tupu juu ya moto huungua kitako, halafu fundi wa kuchomelea anakuwa mgeni wa kila mwezi.

Fundi, habari za kazi. Niko Lushoto, nina watoto wawili, umeme hatuna. Tulinunua hita ya gesi ndogo, ile ya ukutani, ikafungwa ndani ya bafu karibu na shawa. Dirisha ni dogo na kwa sababu ya baridi tunalifunga. Binti yangu akioga hutoka akilalamika kichwa, na juzi aliishiwa nguvu akakaa chini. Aliyeifunga anasema ni harufu ya upya, tutazoea. Pia nauliza mtungi wa kilo 15 unapaswa kukaa muda gani.

Mama, funga koki ya mtungi sasa hivi, kisha urudi usome. Hakuna kuzoea. Gesi ikiungua kwenye chumba kidogo kilichofungwa hewa inapungua, moto unaungua vibaya, na unatoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Inakamata damu mahali ambapo oksijeni ilipaswa kukaa, na mtu anaanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu. Hatua inayofuata ni kuzimia, na anayezimia bafuni mlango umefungwa kwa ndani huenda asiamke. Mpeleke binti yako hospitali, mweleze daktari kwamba kulikuwa na gesi inayowaka chumbani, kwa sababu bila kuambiwa anaweza kudhani ni malaria. Siku mtu akianguka kabla hujafanya lolote, mtoe nje kwenye hewa kwanza, mengine baadaye.

Hita hiyo ihamishwe leo kwenda ukuta wa nje, chini ya upenu ili mvua isiizime, mbali na dirisha lolote, na maji ndiyo yapitishwe ukutani kuingia bafuni. Ukiambiwa ifungwe bomba la moshi ibaki ndani, mimi kwa bafu dogo sikubali. Bomba la moshi likilegea au buibui akijenga ndani, umerudi palepale. Mtungi nao ukae nje, umesimama, mahali pasipo na shimo wala mtaro, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa chini na kujikusanya. Kila unapobadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye regulata na viungo vya mpira. Panapotoa mapovu panavuja.

Ikishahamia nje unaweza kukuta wakati mwingine haiwaki. Mara nyingi si ubovu. Hita hizi hujiwasha zinaposikia msukumo wa maji, na tangi lililo mita moja au mbili tu juu ya shawa halisukumi vya kutosha. Mita kumi za urefu ndizo zinazokupa baa moja ya presha. Hita nyingi za nyumbani zinataka robo ya hiyo, kwa hiyo pandisha tangi walau mita tatu, au tafuta hita iliyoandikwa kuwa ni ya presha ndogo. Na kabla ya kuita fundi, badilisha zile betri mbili kubwa za tochi zilizo chini yake. Nimeitwa kwa hizo betri mara nyingi kuliko kwa kitu kingine chochote, na nauli ya fundi inanunua betri za miaka.

Mtungi wa kilo 15 una kama uniti 150 za joto linalofika kwenye maji, yaani ndoo 200 na zaidi za lita 20. Watu watatu, ndoo moja kila mtu kwa siku: miezi miwili na zaidi kidogo. Ukiisha ndani ya mwezi mmoja, ama kuna anayeimba sana bafuni, ama kuna mvujo. Anza na povu la sabuni.

Fundi, mimi ni kijana, naishi peke yangu Mbulu. Nina inveta ya wati 500. Naweza kutumia ile hita ya kuchovya kwenye ndoo?

Huwezi. Ile huvuta wati 1,000 hadi 1,500, na hata ungekuwa na umeme wa kutosha, ni kifaa cha kuua watu: wengi hupigwa na shoti wakipima maji kwa kidole kabla ya kuchomoa. Wewe uko peke yako, unaoga ndoo moja. Tafuta madumu mawili ya lita 10, yapake rangi nyeusi isiyong'aa, yajaze asubuhi na uyalaze juu ya bati lililoangalia jua, yakiwa yamefunikwa na kioo cha dirisha kilichoegeshwa juu ya matofali ili upepo usiyafikie. Saa tisa na nusu, kabla jua halijalegea, yatoe uyafunge kwa blanketi kuukuu na kuyaweka ndani ya boksi lenye maranda ya mbao. Oga jioni, usingoje asubuhi. Siku ya mawingu chemsha sufuria moja ya lita 5 na uchanganye. Maji hayo ni ya kuogea tu, usiyanywe, na dumu lililowahi kubeba dawa ya kuogeshea mifugo au ya kunyunyizia shamba usilitumie hata ukilisugua kwa mchanga.